Nyumba ya Katoni, Mlima wa Katoni

Maketi ni jengo lililopunguzwa kwa skeli moja, kuanzia msingi hadi paa. Kwa skeli ya 1:50, mita moja ya kiwanjani huwa sentimita 2 mezani: nyumba ya mita 8 kwa 6 hutoshea kwenye sentimita 16 kwa 12, na ukuta wa mita 3 husimama sentimita 6. Kipimo hicho ndicho roho ya ufundi huu. Vifaa havina makuu: katoni za sabuni, wembe, rula, vijiti vya mianzi, na gundi ya unga wa muhogo uliopikwa ukawa uji mzito. Katoni hasa ina fadhila yake. Karatasi ya juu ikiloweshwa na kubanduliwa taratibu, mawimbi ya ndani hujitokeza, na paa la mabati limepatikana.

Bodys Isek Kingelez (1948–2015), aliyefanyia kazi Kinshasa, alijenga kwa karatasi, katoni na makopo ya soda miji mizima ya ndoto, kama Ville Fantôme ya 1996. Mwaka 2018 kazi zake zilijaza kumbi za Museum of Modern Art, New York.

Kalemie inadai maketi ya namna nyingine, nayo ina uzuri usiopungua ule. Mji unapanda vilima kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika, karibu na pale mto Lukuga unapolitoka ziwa, kwa hiyo fundi huanza na ardhi. Kwa skeli ya 1:500, katoni ya milimita 4 ni kimo cha mita 2. Mteremko wa mita 40 hutaka matabaka 20, kila moja likikatwa kwa kufuata mstari wake wa mwinuko. Ziwa lilipofurika mwaka 2021 na tena 2024, maji yaliingia katika mitaa ya ufukweni. Juu ya kilima cha katoni, mama muuza ndagala asiyewahi kusoma ramani huweka kidole kwenye tabaka na kuona nyumba yake iko juu ya maji au chini.

Gundi ikikauka, hufuata jaribio la mwanga. Maketi ya nyumba, ile ya 1:50, huelekezwa kama kiwanja kilivyo, na tochi huinuliwa upande wa ziwa, mashariki, hadi kimo cha jua la saa tatu asubuhi. Mwanga ukipenya mno mlangoni, ukingo wa paa huongezwa sentimita moja, yaani nusu mita ya kweli, kisha tochi huinuliwa tena.