Kwa Maneno Yake Mwenyewe: Uhakiki wa Masimulizi ya Wanawake Waliohamishwa

Mwalimu wa fasihi anapofikia mada ya tawasifu katika Kiswahili, mara nyingi huanza na Tippu Tip. Si ajabu. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaliyochapwa Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode, na kutolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley miaka ya 1958 na 1959, ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa za lugha yetu. Anwani yake inatamka waziwazi kuwa maisha hayo yameelezwa kwa maneno yake mwenyewe. Na maneno hayo ni matamu. Mtu huyu alijua kusimulia: sentensi zake ni fupi, mambo yake yanakwenda mbio, na pale anapotaka kujisifu hujisifu bila ya haya.

Sisi tulio Mununga, kando ya Ziwa Mweru, twakisoma kitabu hicho kwa namna ya pekee. Itabwa ya Nsama, ambayo Tippu Tip aliishinda mwaka 1867, ni nchi iliyo kati ya Mweru na Ziwa Tanganyika; ni jirani yetu. Tunasoma habari za nyumbani zilizoandikwa na mgeni aliyekuja na bunduki akaondoka na pembe. Kwa hiyo twajikuta tukiuliza swali ambalo msomaji wa Unguja pengine halimjii upesi: watu waliokuwa mbele ya bunduki ile walisema nini, na kwa lugha gani?

Hasa wanawake. Yafaa kukumbuka jinsi Tippu Tip alivyojipatia utawala wa Utetera, katika nchi ya Kongo ya leo. Alipata habari kwamba mtawala Kasongo Rushie alikuwa amepotelewa na ndugu zake wa kike, waliotekwa zamani wakapelekwa mbali. Ndipo akadai kuwa bibi yake mzaa mama alikuwa mmoja wao. Dai likakubaliwa, na mgeni akawa mrithi. Wasomaji wengi hucheka hapa, kwa kuwa ujanja unapendeza unapokuwa kwenye karatasi. Lakini tazama msingi wa hila yenyewe. Ni maisha ya mwanamke aliyetekwa, akahamishwa, akapotea katika nchi ya watu. Na maisha hayo yanaingia katika tawasifu maarufu ya Kiswahili kama hati ya kudaia mali ya mwingine. Mwanamke mwenyewe hapewi hata sentensi moja.

Sasa, upo ushuhuda wa mwanamke wa njia zile zile, na haukutoka mbali na hapa. Mwaka 1916 mmisionari Dugald Campbell alichapisha kwa Kiingereza kitabu kidogo juu ya maisha ya Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba. Anwani yake yaeleza kwamba Bwanikwa alikuwa mtumwa mara kumi na hatimaye akawekwa huru. Kitabu hicho kilisahauliwa kwa muda mrefu, mpaka mwanahistoria Marcia Wright alipomrudisha Bwanikwa mbele ya wasomaji katika mkusanyo wake wa mwaka 1993 wa masimulizi ya watumwa na wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati. Humo pia yumo Narwimba, ambaye habari zake ziliandikwa kwa Kijerumani na Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravia aliyekuwa Utengule katika nchi ya Wasafwa, karibu na Mbeya.

Tuseme kwa ufupi mambo yaliyompata Bwanikwa. Alizaliwa katika nchi ya Waluba. Baba yake alifiwa na mke mkubwa, na kwa desturi ya nchi akadaiwa malipo ya kifo na wakwe zake. Malipo yalipopungua, akamtoa binti yake. Tangu siku hiyo akawa akipita mkononi kwa huyu na yule. Alifika Bunkeya, mji wa Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi aliyejenga ufalme wake Katanga kwa pembe, shaba na watumwa, na aliyeuawa Desemba 1891. Akanunuliwa na Wafwilwa, akawa mkewe. Baadaye wawili hao wakahamia pamoja na wamisionari hadi Mambilima, kwenye maporomoko ya Luapula, mto uletao maji yake katika ziwa letu. Huko, kwa mali aliyoichuma kwa kazi ya mikono yake, Bwanikwa alimlipa mumewe thamani ya kununuliwa kwake. Mume yule alikuwa Mkristo aliyeheshimiwa katika kanisa. Hata hivyo mkewe hakuona kuwa heshima hiyo inatosha kumfuta bei.

Kisa hiki ni kizito, na uhakiki unaokisifu kwa uzito wake tu haujafanya kazi. Jambo la kuchunguza ni lugha. Bwanikwa alikulia katika Kiluba. Bunkeya ilikuwa mji wa lugha nyingi, Kiswahili kikiwa miongoni mwake. Mambilima ni nchi ambayo leo Kibemba kinasikika kila nyumba. Maisha yake ni safari ya lugha kama yalivyo safari ya miguu. Msomaji wa kitabu cha 1916 hapati hata moja ya lugha hizo. Anapata Kiingereza cha mtu wa kanisa, chenye mwendo wa hotuba, kilichoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza waliokuwa wakichangia kazi ya misheni. Hali hii si ya Afrika peke yake. Mary Prince, mzaliwa wa Bermuda, alieleza maisha yake ya utumwa akaandikiwa na Susanna Strickland na kuhaririwa na Thomas Pringle. Kitabu kikatoka London mwaka 1831. Lakini Mary Prince alikuwa akisema namna fulani ya Kiingereza, na mara kwa mara sauti yake hupenya. Bwanikwa amefunikwa zaidi, kwa kuwa kati yake na msomaji pana lugha nzima.

Hasara yake inaonekana wapi? Katika neno lile la anwani: mtumwa, mara kumi. Kiingereza cha Campbell kina neno moja la kuwekea hali zote. Wenyeji wa nchi hizi hawakuwa na umaskini huo. Kiswahili peke yake kina mtumwa, mateka, mjakazi, suria, mtu aliyewekwa rehani, na mtu aliyetolewa kuwa fidia. Na kila moja lina sheria yake, aibu yake, na mlango wake wa kutokea. Binti anayetolewa na baba kulipia kifo hajawa sawa na mtu aliyenyakuliwa njiani na wafanya biashara. Aliye rehani ana jamaa wanaoweza kumrudia, mateka hana. Mke aliyenunuliwa yu ndani ya nyumba, anapika, anazaa, anaitwa mama fulani, na bado siku ya ugomvi anaweza kukumbushwa bei yake. Mwandishi amehesabu hadi kumi kana kwamba anahesabu mayai. Tunaamini kuwa Bwanikwa mwenyewe, alipokuwa akisimulia, hakuwa akirudia neno moja.

Huenda msomaji akasema kuwa dawa ni mwanamke kushika kalamu mwenyewe. Dawa hiyo ilikwisha kujaribiwa. Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika nyumba ya Sultani, aliondoka mwaka 1866, akaolewa na mfanya biashara wa Hamburg, akabatizwa jina la Emily, akafiwa na mume mwaka 1870, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Hapa kalamu ni yake bila ya mkalimani. Anaeleza kwa uhodari jinsi lugha nyingi zilivyochanganyika katika jumba la Mtoni, Kiarabu, Kiajemi, Kiswahili na nyinginezo. Hata hivyo alilazimika kuwaeleza watoto wake mwenyewe, kwa lugha ya baba yao, yale ambayo kwake hayakuhitaji maelezo alipokuwa mtoto. Tena ni mwanamke huyu huyu, mwenye uchungu wa kweli wa ugenini, anayeutetea utumwa wa Unguja mbele ya wasomaji wa Ulaya. Kalamu yake ilimtosha yeye. Wajakazi wa Mtoni walibaki bila mwandishi.

Kwa maoni yetu, kazi iliyokaribia zaidi kutenda haki ni ile ya Sarah Mirza na Margaret Strobel, Wanawake Watatu wa Kiswahili, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1991, miaka miwili baada ya toleo la Kiingereza. Wanaosimulia ni Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wote wa Mombasa, na mazungumzo yalinaswa katika miaka ya 1970. Ukoo wa Bi Kaje ulimiliki watumwa. Wazee wa Mishi walitoka katika utumwa. Wawili hawa wamewekwa ndani ya jalada moja, kila mmoja kwa usemi wake, na msomaji anaweza kulinganisha namna mwenye kumiliki anavyokumbuka na namna mwenye kumilikiwa anavyokumbuka. Hatusemi kuwa kitabu hakina kasoro. Usemi uliohamishwa kutoka katika ukanda wa sauti huchosha macho, na mwanafunzi asiyezoea lahaja ya Mombasa huomba msaada kila ukurasa. Lakini ni uchovu wenye faida, kwani anachokipigania ni neno la msimulizi.

Jambo hili linatugusa hapa Mununga kwa sababu masimulizi ya kuhama hayajakoma. Mwaka 2017 mapigano ya Kongo yaliwaleta watu wengi upande huu wa Mweru, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa wilayani Nchelenge kwa ajili yao. Wanawake wengi waliovuka wanasema Kiswahili cha Katanga. Sokoni, kwenye mafungu ya chisense waliokaushwa, wanakichanganya na Kibemba cha wenyeji bila kuomba ruhusa ya mtu. Tunapowaagiza wanafunzi waandike maisha ya mama au nyanya, tunaletewa insha safi sana. Mama amesema "tulikimbiaka", mtoto ameandika "tulikimbia". Mama amesema "batu", mtoto ameandika "watu".

Walimu wengine watasema ndivyo ipasavyo, na sisi hatuna ugomvi na Kiswahili sanifu, ambacho ndicho tunachokifundisha. Ila tofauti ya mambo haya mawili ifahamike. Insha ya mtoto ni ya mtoto, na isanifishwe. Maneno yaliyotiwa katika alama za mtajo ni ya mama, na kile kiambishi cha -ak-, ambacho Kiswahili sanifu hakikitumii hivyo, ni sehemu ya ushuhuda wake kama ulivyo mji aliotoka. Mtoto anapokiondoa anafanya, kwa nia njema kabisa, kazi ile ile aliyoifanya Campbell.

Ndiyo maana tumeanza kulitumia simulizi la Bwanikwa darasani kwa zoezi la tafsiri. Hatuwapi wanafunzi kisa chote. Tunawapa kila badiliko la hali yake na kuwataka wachague neno la Kiswahili linalofaa, kisha watetee uchaguzi wao. Pale baba anapomtoa binti, mabishano huwa makali: wapo waandikao "alilipwa", wapo wasemao mtu halipwi, hutolewa. Neno mtumwa hutumika mara chache kuliko tulivyotazamia.

Mwisho wa zoezi ni anwani. Kiingereza chake kimetumia kauli ya kutendwa, na ukiifuata kwa uaminifu utapata "aliyewekwa huru hatimaye", kana kwamba palikuwa na mkono mwingine uliomfungua. Huenda Campbell alikuwa na mkono wa Mungu akilini. Hiyo ni imani yake, wala hatumlaumu kwayo. Lakini aliyechuma mali na kumhesabia Wafwilwa alikuwa Bwanikwa, na Kiswahili kina kiambishi cha jambo hilo, silabi moja tu. Wanafunzi wetu waliandika "aliyejikomboa". Mmoja wao, binti aliyevuka ziwa akiwa mdogo, aliandika "aliyejinunua", na alipoulizwa kwa nini, akajibu kuwa mume alizipokea zile mali.