Elsa Alimpa Jina, Pole Pole Akampa Kazi

Wasomaji wenzangu, tusiogope majina makubwa. Sinema ya Born Free (1966), ile ya simba Elsa, ningepewa kuisahihisha kama insha ningeipa alama za wastani. Kenya imepigwa picha vizuri, na simba wanapendeza. Lakini Nuru na Makkede, Waafrika wanaoshinda na Elsa, wanatumwa huku na huku, basi. Wanataka nini? Wanaogopa nini? Hatuambiwi. Mhusika asiye na haja yake mwenyewe ni sawa na kiti cha sebuleni.

Hata hivyo, Virginia McKenna, aliyeigiza kama Joy Adamson, namvulia kofia kwa yaliyofuata. Baadaye alirudi Kenya na mumewe, Bill Travers, wakacheza sinema nyingine pamoja na mtoto wa tembo aitwaye Pole Pole. Huyo alikwisha ahidiwa bustani ya wanyama ya London. Wakaomba wamnunue ili asiende. Wakaambiwa sawa, lakini atakamatwa mwingine badala yake. Wakamwacha aende. Pole Pole akafa kule mwaka 1983, angali kijana.

Mwaka 1984 wakaanzisha Zoo Check, shirika la kutetea wanyama waliofungiwa, ambalo leo ni Born Free Foundation. Travers alifariki mwaka 1994, mama akaendelea. Mwaka 2023 Uingereza ilimpa cheo cha Dame kwa ajili ya wanyama, si kwa uigizaji.

Hapo ndipo napata somo la uandishi. Hadithi ya Elsa inakwisha kwa machozi matamu, mtazamaji anakwenda kulala. Ya Pole Pole haina utamu, na ndiyo iliyomtoa mtu kitini. Jamani, kwa nini riwaya zetu tunazifunga kwa harusi tu?

Na sisi wa Mwanza tujiulize. Kisiwa cha Saanane kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa mwenye kisiwa. Tunakiona kila siku tukiwa ufukweni, lakini riwaya yake sijaiona. Wageni walimnyima Nuru maneno. Mzee Saanane anayenyimwa na nani, kama si sisi wenye kalamu?