Hesabu ya Kubeti Pande Zote Mbili

Anayebeti pande zote mbili za mechi hatafuti timu itakayoshinda, anatafuta bei. Kampuni moja ikitoa 2.10 kwamba mabao yatafika matatu au zaidi, na nyingine ikatoa 2.06 kwamba hayatafika, mtu mwenye shilingi 10,000 anaweka 4,952 huku na 5,048 kule. Mpira uishe utakavyoisha, tiketi moja itachanika na nyingine italipa 10,399. Hiyo 399 ndiyo ujira wake. Uingereza kazi hii ilipata nguvu baada ya Betfair kuanza mwaka 2000, kwa sababu pale mteja anaweza kukaa upande wa kampuni na kuliuza dau kwa mteja mwenzake, kisha akaigeuza bonasi kuwa pesa taslimu. Mbashiri wa Kitale au Bungoma, nchini Kenya, kwa kawaida hana soko la namna hiyo. Anacheza kampuni dhidi ya kampuni, akiwa na simu moja, na pesa zikipita M-Pesa. Kampuni nazo hazimpendi mteja huyu: humpunguzia kiwango cha dau, humnyima bonasi, au huifunga akaunti. Ndiyo maana mazungumzo mengi kuhusu kazi hii yamekuwa mazungumzo ya kujificha. Ninaona yameanzia mahali pasipofaa.

Mbinu zenyewe zinafahamika. Ya kwanza ni kuweka dau la namba ya kawaida, 5,000 badala ya 4,952, maana hakuna shabiki anayekaa akahesabu mpaka shilingi mbili za mwisho. Hii haigharimu kitu: ukiweka 5,000 kila upande, utapata faida ya 500 au 300 badala ya 399, na kwa muda mrefu mambo yanasawazika. Nyingine ni kukaa mbali na ligi ndogo. Mtu wa Bungoma anaweza kujua kabla ya kampuni kwamba kipa wa timu ya Nzoia Sugar ni mgonjwa, na kampuni zinalijua hilo, kwa hiyo mechi za aina hiyo huwekewa viwango vya chini na kuangaliwa kwa makini. Ya tatu ni kucheza mkeka wa Jumamosi, yaani tiketi moja ya mechi nyingi, kama watu wengine, ili akaunti ifanane na ya shabiki. Hii ina bei yake. Tukichukulia kwamba kampuni inabaki na shilingi 8 katika kila 100 za mkeka, dau la 500 la kujifichia linakula shilingi 40 kwa wastani, na linakula kila linapowekwa.

Mbinu zote hizo zinaficha ukubwa wa dau, saa ya kucheza na aina ya mechi. Haziwezi kuficha bei. Fikiria muuza mahindi sokoni Kitale. Yuko mnunuzi anayemtokea siku zile tu ambazo gunia lake la kilo 90 liko chini ya bei ya soko la Chwele, na kila akishanunua, saa mbili hazipiti kabla soko zima halijapanda. Siku nyingine haonekani kabisa. Mnunuzi huyo anaweza kubadilisha koti, akanunua gunia moja badala ya kumi, hata akachukua maharagwe kidogo kwa kuzuga. Muuzaji mwenye daftari atamjua kabla ya mwezi kwisha. Daftari la kampuni ni kompyuta inayolinganisha bei uliyoichukua na bei iliyokuwapo dakika mechi inapoanza. Mteja aliyechukua 2.10 mara hamsini, na mara arobaini bei ikashuka kabla ya mpira kuanza, ameshajitambulisha, hata kama madau yake mengi yamepotea. Na hawezi kuacha kuchukua bei hizo, kwa sababu hizo ndizo kazi yenyewe.

Hata hivyo, kwa miaka kadhaa kilichomwangusha mbashiri wa Kenya hakikuwa kampuni kumtambua. Kilikuwa kodi. Kabla ya Julai 2025, ushindi ulikatwa asilimia 20, na ukatwaji ulifanywa tiketi kwa tiketi. Turudi kwenye mfano wetu. Tiketi ya 4,952 ikilipa 10,399, ushindi ni 5,447, na kodi yake ni 1,089. Tiketi ya upande wa pili iliyochanika haipunguzi kodi hiyo hata senti, kwa sababu mbele ya sheria hizo ni tiketi mbili zisizojuana. Faida ya 399 inageuka hasara ya 690. Hapo ushuru wa bidhaa kwenye dau lenyewe haujaguswa, nao ulikuwa asilimia 7.5 mwaka 2021, ukafika 12.5 mwaka 2023, kisha 15 mwishoni mwa 2024. Katika miaka hiyo, aliyefaulu kabisa kujificha alifaulu kuendelea kupata hasara.

Msomaji makini atasema sheria imebadilika, na ni kweli. Tangu Julai 2025 ushuru ni asilimia 5 ya pesa inayoingia kwenye akaunti ya kubeti, na kodi ni asilimia 5 ya inayotolewa. Ukiingiza na kutoa kila mara bado unaumia: 10,000 inabaki 9,500, inazaa 9,879, na mkononi inafika 9,385. Lakini pesa ikikaa ndani ikazunguka, kodi hulipwa mara moja kwa mizunguko mingi. Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote na linastahili hesabu kamili.

Kikwazo chake ni kwamba pesa haizunguki mahali pamoja. Kila dau linahamisha pesa kutoka akaunti iliyopoteza kwenda iliyoshinda, na akaunti moja ikikauka hakuna njia ya kuijaza ila kutoa kule na kuingiza huku, kodi zote mbili zikikusubiri njiani. Tuseme kila kampuni ina akiba ya madau kumi ya 5,000 hivi, jumla 100,000. Nafasi za pande mbili zikikaribiana, kwa wastani itachukua mizunguko 100 hivi kabla upande mmoja haujakauka. Nafasi zenye faida ya asilimia 4 kama ile ya mfano ni za kubahatisha. Tuchukue asilimia 1, yaani shilingi 100 kwa mzunguko. Baada ya mizunguko 100 umepata 10,000. Kuingiza ile 100,000 kulikugharimu 5,000 na kutoa 105,000 kunakukata 5,250. Mizunguko mia moja, usiku baada ya usiku, na umepungukiwa shilingi 250. Hiyo ni kabla ya gharama za M-Pesa, na kabla ya mkeka hata mmoja wa kujifichia. Ukiweka mikeka ishirini tu ya 500, hasara inapita elfu moja.

Kwa hiyo kizuizi cha akaunti kina uzito sasa kuliko zamani, ila si kwa namna inayomsaidia anayejificha. Sheria mpya inamtaka akae muda mrefu ili kodi igawanyike, na kukaa muda mrefu ndiko kunakoijaza kompyuta ya kampuni ushahidi dhidi yake.

Wengine hujibu kwa kuongeza laini: ya mama, ya shemeji, ya kijana wa bodaboda. Hapa siwezi kuzungumza kwa upole. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na pesa ya akaunti hutoka kwenda M-Pesa ya namba ileile. Akaunti ikifungwa ikiwa na 40,000 ndani, anayetakiwa kujieleza ni mama wa Webuye ambaye hajui 2.10 ni nini, na kampuni itamwonyesha masharti yanayokataza akaunti kutumiwa na mtu mwingine. Deni likibaki kati ya ndugu, hakuna ofisi itakayolisikiliza. Julai 2019, serikali ilipozinyima leseni kampuni 27 na Safaricom ikaagizwa kufunga namba zao za malipo, watu walijionea jinsi njia ya pesa inavyoweza kubanwa siku moja, hata kwa mwenye laini yake halali.

Linabaki lalamiko kwamba kampuni inayofurahia wanaopoteza na kumfukuza anayejua hesabu inadhulumu. Nakubaliana nalo kwa sehemu. Kampuni ina haki ya kukataa dau la kesho. Haina haki ya kushikilia salio la jana, wala ya kutangaza bonasi redioni kisha kumnyima aliyetimiza masharti bila kumpa sababu. Sheria ya Kudhibiti Kamari iliyotiwa saini Agosti 2025, ikichukua nafasi ya ile ya 1966, imeleta mamlaka mpya ya usimamizi. Swali la kuipelekea mamlaka hiyo ni siku ngapi kampuni inaruhusiwa kukaa na pesa ya mteja iliyemfungia, na ni karatasi gani inayolazimika kumpa.