Juu ya Nyumba za Kale Zilizowekwa Kuwa Ukumbusho

Wako wengi wasifuo desturi ya kuziweka nyumba za kale ziwe ukumbusho, na sisi tu miongoni mwao. Lakini sifa hizo zataka kupimwa. Kuta za nyumba zaweza kuhifadhiwa na maana yake ikapotea. Tumechagua mfano wa nyumba ya makumbusho iliyo Lamu, mji ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, kwa kuwa ni mojawapo ya zilizotunzwa vizuri katika pwani yote; na yafaa zaidi kumkosoa fundi hodari kuliko mvivu.

Nyumba hiyo ni ya karne ya 18, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari yake yashikwa na boriti za mikoko, na kwa sababu boriti ina kikomo cha urefu wake, vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake futi 9 hivi. Walioitengeneza upya wastahili shukrani. Zidaka, ndivyo Waamu watamkavyo vidaka, yaani vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu ukutani, zapendeza sana, nasi tulisimama mbele yake muda mrefu kuliko tulivyokusudia.

Ila katika mpango wa nyumba pana neno. Mgeni wa zamani hakuingia hovyo. Alikaa kwanza daka, penye viti vya mawe mlangoni. Aliyekaribishwa alipita tekani, akafika kiwanda, ndio ua ulio wazi kwa mbingu. Mfanya biashara aliyeletwa na pepo za musimu alilazwa sabule, chumba kilichotengwa kwa wageni. Kutoka kiwanda huja msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani. Na sakafu ya kila kimoja imeinuka kidogo kupita ile iliyotangulia, hata ndani pakawa ndipo palipo juu, na penye giza kuliko kwingine. Hapo ni pa mwenye nyumba na mkewe. Karibu yake ni nyumba kati, ambamo waliooshwa maiti wa nyumba ile. Basi mtu alijua cheo chake kwa mahali miguu yake iliposimama.

Leo mwenye tikiti hupita pote kwa dakika chache, akafika ndani kabla hajatambua kwamba ameacha nyuma yake mahali pa kupigia hodi. Ameona kila kitu, walakini lililo kubwa halikuonekana kwake, nalo ni hili, kwamba zamani yeye asingalikiona chumba hicho kamwe. Hatusemi milango ifungwe. Ingetosha mlinzi amsimamishe mgeni dakani, amwulize, "Wewe ungalikuwa nani katika nyumba hii, ndugu, au mfanya biashara, au mtumwa?" kisha amwonyeshe njia yake ilikoma wapi.

Mtumwa tumemtaja kwa makusudi. Katika nyumba za ghorofa, mara nyingi chini palikuwa pa watumwa na bidhaa, na jiko lilikuwa juu kabisa, ili moshi upate kwenda zake. Maji na kuni zilipanda ngazi zile juu ya vichwa vya watu. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini azitazamaye sahani za China zidakani haulizi ni nani aliyezipangusa vumbi. Tena watu wengi wa Lamu hawakukaa katika mawe. Walikaa katika nyumba za udongo na makuti, nazo hazikuwekwa, kwa kuwa udongo na makuti havidumu.

Hata hivyo sisi wa misioni tusijione kuwa bora. Rabai, alikokaa Krapf na Rebmann tangu mwaka 1846, kanisa la zamani lilifanywa makumbusho mwaka 1994, na jina la Krapf likatiwa hapo. Ni haki yake. Rebmann naye alikaa nchi hiyo mpaka mwaka 1875, akarudi kwao akiwa kipofu. Lakini alikuwako mtu jina lake Salimini, mtumwa aliyetoka nchi ya ziwa Nyasa, naye ndiye aliyemfundisha Rebmann lugha ya kwao, hata kikapatikana kile kitabu cha maneno ya Kinyasa kilichopigwa chapa mwaka 1877. Chumba cha mwalimu huyo ki wapi? Na wale watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na vituo vingine, waliopewa hati za uhuru tarehe 1 Januari 1889, walilala wapi, nao waliuitaje mlango wao? Tumekuwa hodari wa kuhifadhi meza ya aliyeandika, tukamsahau aliyesema.

Neno lenyewe, ukumbusho, latoka katika kukumbusha; na mtu hukumbushwa lile alilolijua kwanza. Kijana asiyejua tekani ni nini hakumbushwi kitu na ukuta, hata ukipakwa chokaa kila mwaka. Yeye yampasa kuambiwa, na waambiaji ni wazee, nao hawatangoja mafundi wamalize kazi.

Kwa hiyo twawaomba walimu walio Unyamwezini, ambako tembe zilikuwa nyingi, na walio Buhaya, nchi ya misonge, na walio pwani, wachore ramani ya nyumba moja ya kale kama wazee waikumbukavyo. Waandike jina la kila chumba kwa lugha ya mahali, wala wasiligeuze liwe Kiswahili cha shuleni. Msana wa yuu usiandikwe "ukumbi wa juu". Waandike nani aliingia kwa mlango upi, moto uliwashwa wapi, mama alijifungulia wapi, maiti alitokea wapi. Na wasiulize wenye nyumba peke yao. Waulize pia waliokuwa wakichota maji.