Mwogezi Hana Haraka

Mafubira, kando ya barabara ya Jinja kwenda Kamuli, mahema mawili yanatazamana uani. Leo ni kwandhula: upande wa kijana umekuja kujitambulisha kwa wazazi wa msichana. Wanaume wamevaa kanzu na koti, wanawake gomesi zenye mikanda mipana. Kila upande una mwogezi, msemaji wake. Watu wa pwani wangemwita mshenga. Namtazama wa wageni.

Hafungui kwa mzaha. Anasalimu wazee kwanza, kisha senga, shangazi wa msichana, kisha majirani. Huku akisalimu, macho yanapima: nani amenuna, nani amechoshwa na jua.

Mwogezi wa wenyeji anauliza, kama desturi inavyotaka: "Sisi hatuwajui. Mmepotea?"

"Tumepotea, sebo, bwana." Ananyamaza. Anashusha kipaza sauti mpaka kifuani, anakirudisha. "Tungekuwa tumeshafika Kamuli, ila harufu ya viazi vyenu imetushika mkono."

Watu wanacheka. Yeye hacheki. Anangoja kicheko kipungue, lakini hakiachi kiishe. Akiwahi, neno litamezwa. Akichelewa, uwanja utapoa.

Mzee mmoja anadai faini ya kuchelewa. Mwogezi habishi. Anatoa noti za elfu moja moja, zilizokunjwa mfukoni tangu asubuhi, na kuzihesabu kwa sauti, polepole, kama anayeuza shamba la babu yake.

Kisha kazi ngumu. Wasichana wanaletwa, safu kwa safu, aseme kama waliyemfuata yumo. Lazima akatae, na asimwumize mtu. Hamtanii hata mmoja, mzaha anaugeuzia kwake: "Wazuri hivi, ningekuja mwenyewe, ila magoti yangu yamekataa." Wasichana wanaondoka wakitabasamu.

Ikifika mahari, utani unawekwa kando. Sauti inashuka, sentensi zinafupika, na hakuna ng'ombe anayechekwa. Wazee wanainamisha vichwa kusikiliza, kwa sababu aliyewachekesha sasa hacheki nao.

Mahari imekubaliwa. Jua limeegemea migomba. Mwogezi anasimama mara ya mwisho, anangoja kimya kitulie.

"Sebo, vile viazi… navyo vimeshapata mchumba?"

Uwanja mzima unaangua kicheko, senga akiwa wa kwanza. Mwogezi alilipanda neno lile mchana, akalinyamazia saa zote hizo. Nyuma ya hema, wapishi wanaanza kufunua majani ya migomba.