"Settle" na Jamaa Zake: Neno Moja, Makazi Mengi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomtatiza mfasiri, yale magumu ya kitaalamu siyo yenye hatari kubwa. Neno gumu humlazimisha mfasiri asimame, afungue kamusi na kuuliza wenzake. Neno lenye hatari ni lile dogo la kila siku, ambalo kila aliyepita sekondari hudhani kwamba analijua. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno moja la namna hiyo, yaani "settle", pamoja na jamaa zake "settler", "settlement" na "resettlement". Mifano yetu mingi tutaichota katika nyanda za juu za Kigoma, wilaya za Kibondo na Kasulu, na hasa Nduta, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa wilayani Kibondo. Huko neno hili si zoezi la darasani. Jinsi linavyotafsiriwa kunaweza kumfanya mtu ajue, au asijue, atalala wapi mwakani.

Tuanze na matumizi ya kawaida. Ndege akishuka juu ya tawi, Mwingereza hutumia neno hili. Sisi husema ametua. Vumbi likiacha kuruka, sisi husema limetulia. Maji ya mto yakiachwa mtungini, uchafu hushuka chini ukawa mashapo. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo laini ikishuka kidogo kidogo, sisi husema imetitia. Mtu akimaliza deni la dukani, amelipa. Majirani waliogombana wakipatanishwa, wamesuluhishwa. Mgeni akihamia mahali na kukaa moja kwa moja, amefanya makazi, au kwa neno la zamani zaidi, amelowea. Kwa yote hayo Mwingereza ana neno lile lile moja.

Wapo watakaosema kwamba hapa Kiswahili kimepungukiwa, maadamu hakina neno moja la kulitosha neno moja la wenzetu. Hoja hiyo haina nguvu. Sisi tuna kitenzi "kupiga": tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga kura, tunapiga mbizi na kupiga magoti. Mwingereza akitaka kuyatafsiri hayo atahitaji kitenzi chake kwa kila jambo, wala hajioni maskini kwa sababu hiyo. Kiingereza kimeona wazo moja, la kitu kilichokuwa kikihangaika na sasa kimepata mahali pake, kikalivika neno moja. Kiswahili kimeyaona mambo yenyewe moja moja, kikalipa kila jambo jina lake. Kosa linaanza pale mfasiri anapochagua jina moja kati ya hayo, mara nyingi "makazi", na kulibandika kila mahali.

1. Makazi na kambi

Neno "makazi" limetokana na "kaa", kitenzi chenye kizazi kikubwa: makao, mkazi, ukaazi, kikao. Katika matumizi ya serikali linafaa sana kwa mahali watu waishipo, kama katika "maendeleo ya makazi" au "makazi holela". Lakini tukiingia katika habari za wakimbizi, hapana budi tuwe waangalifu.

Warundi waliokimbilia Tanzania baada ya mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Huko familia ziligawiwa ardhi, zikalima, zikauza mazao. Kutoka nje kulihitaji kibali, lakini mtu alikuwa na shamba. Sehemu hizo ziliitwa "settlements", na kwa Kiswahili "makazi", nalo jina lilistahili. Mwaka 2007 wakazi wake walipewa nafasi ya kuchagua kati ya kurejea Burundi na kuomba uraia wa Tanzania. Zaidi ya 160,000 waliomba uraia wakakubaliwa.

Nduta ni habari nyingine. Ilipata kuwa kambi ya Warundi waliokimbia vita vya miaka ya 1990, ikafungwa, kisha ikafunguliwa tena Oktoba 2015 kwa ajili ya Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka huo. Waliofika walipewa hema au kibanda, na mgao wa chakula. Hawakupewa shamba. Kwa hiyo Nduta ilifunguliwa ikiwa kambi, sawa na Nyarugusu iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996. Katika maandishi ya Kiingereza mtu akitaka kukwepa ukali wa neno "camp" huweza kuandika "settlement", na mfasiri akimfuata kipofu kipofu ataandika "makazi ya Nduta". Msomaji wa Tabora au Katavi, ambaye kwake "makazi" ni Ulyankulu au Mishamo, atadhani kwamba watu wa Nduta nao walipewa ardhi. Tafsiri hiyo itakuwa imegawa mashamba yasiyokuwapo.

2. "Makazi mapya"

Jamaa mwenye matata zaidi ni "resettlement". Tafsiri iliyozoeleka ni "makazi mapya". Hebu tuangalie ni mambo mangapi yanayobebwa na neno hilo la Kiingereza katika eneo letu peke yake.

(a) Katika miaka ya 1970 wananchi walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, Mkoa wa Kigoma ukiwa miongoni mwa ile ya mwanzo. Waandishi wengi wa Kiingereza huiita kazi hiyo kwa neno hili. Wananchi wenyewe husema "kuhamia vijijini" au "Operesheni". Kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuwakusanya watu wa sehemu kadhaa za Buha katika "settlements" ili kuwaepusha na mbung'o waletao malale.

(b) Katika lugha ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, neno hilo lina maana moja mahususi: kumtoa mkimbizi katika nchi aliyokimbilia na kumpeleka nchi ya tatu iliyokubali kumpokea. Wakongo wengi wa Nyarugusu walihamishiwa Marekani kwa utaratibu huo katika miaka ya 2010.

(c) Katika Mkataba wa Arusha wa Amani na Maridhiano ya Burundi, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, itifaki ya nne inatumia neno lilo hilo kwa maana iliyo kinyume kabisa na ya (b): kumrudisha mkimbizi katika nchi yake na kumwezesha kukaa tena katika ardhi yake.

(d) Katika miradi ya barabara, mabwawa na mabomba, hasa ile inayofuata masharti ya Benki ya Dunia, neno hilo ni kuwahamisha wananchi waliomo katika njia ya mradi na kuwalipa fidia. Wananchi wana maneno yao mazuri: "kupisha mradi".

(e) Mwisho, wapo walitumialo ovyo kwa kuhamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, kama walivyohamishiwa Nduta wakazi wa kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ilipofungwa mwaka 2021.

Sasa tuchukue sentensi moja ya mfano. Mkalimani anasimama mbele ya watu wa kambini, anasoma karatasi ya Kiingereza na kusema: "Baadhi yenu mtapelekwa katika makazi mapya." Sentensi ni sanifu, haina kosa la sarufi. Lakini aliyewahi kukaa Mtendeli atadhani anahamishwa kambi tena. Mwenye jamaa Mishamo atadhani atapewa shamba. Mwenye rafiki aliyekwenda Marekani atadhani zamu yake imefika. Na aliyesikia habari za Mkataba wa Arusha atadhani anarudishwa kwao. Watu wanne wamesikia maneno mamoja na kuondoka na safari nne. Ikumbukwe pia kwamba wengi wa wasikilizaji hao lugha yao ya kwanza ni Kirundi, ambacho ni jamaa wa karibu wa Kiha cha wenyeji wao. Kiswahili kwao ni lugha ya ofisi, na hawawezi kumsahihisha mkalimani.

Jambo hili lina uzito wa sheria. Tangu Septemba 2017 urejeshaji wa Warundi waliokuwa Tanzania uliendeshwa kwa msingi wa "kurejea kwa hiari". Hiari ni kuchagua, na kuchagua kunadai kwanza kuelewa vinavyochaguliwa. Mtu anayejiandikisha, au anayekataa kujiandikisha, kwa kuwa anangojea "makazi mapya" asiyoyajua, hiari yake imepunguzwa na mfasiri kabla haijapunguzwa na mtu mwingine yeyote.

3. Mlowezi

Kitenzi "kulowea" ni cha asili na hakina ubaya ndani yake: ni kuhamia ugenini na kukaa huko moja kwa moja. Lakini historia imekivika joho jingine. Nchini Kenya, Zimbabwe na Afrika Kusini walowezi walikuwa wageni waliotwaa ardhi ya wenyeji kwa nguvu za serikali ya kikoloni. Wakati Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, magazeti na redio zetu ziliusema utawala wake kuwa wa walowezi, na kila msikilizaji alielewa kwamba hilo ni neno la kulaani. Kiingereza chenyewe kilijichanganya hapa: nchini Kenya, mpango wa mwaka 1962 wa kununua ekari milioni moja kutoka kwa "settlers" na kuwapa Waafrika nao uliitwa wa "settlement". Neno moja likamtaja anayeondoka na anayeingia. Kiswahili hakikuwa na tatizo hilo, kwani hakuna aliyemwita mlowezi mkulima Mwafrika aliyepewa kipande chake.

Katika mikoa ya magharibi mwa Tanzania, Kigoma ikiwamo, limeenea jina "wahamiaji walowezi" kwa watu waliovuka mpaka miaka mingi iliyopita, au waliozaliwa na waliovuka, ambao hawakuwahi kuandikishwa. Watetezi wa jina hili wana hoja: wanasema limerudishwa katika maana yake ya kamusi, nayo ni sahihi. Hatuipuuzi hoja hiyo. Lakini istilahi haiishi ndani ya kamusi peke yake. Huishi vilevile katika masikio ya watu. Mzee aliyekuja Kasulu kutafuta kibarua cha kulima, akaoa huko na kuzikia wazazi wake huko, akiitwa kwa jina lilelile la waliomtumikia Smith, amekwisha kuhukumiwa kabla karani hajafungua daftari. Kazi ya daftari ni kuandika hali ya mtu. Hukumu ina mahali pake. Tungeona afadhali "wahamiaji wa siku nyingi" au "wahamiaji wakaazi", maana neno "ukaazi" tayari limo katika vibali vya Uhamiaji na linaeleweka.

4. Suluhu na malipo

Tumalizie na upande wa mabaraza na mahakama. Tangu sheria iliyorekebishwa mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, neno "settlement" limezidi kubisha hodi kwa mahakimu na makarani. Hapa tusitafute neno jipya, kwani yaliyopo yanatosha na yanatofautiana kwa manufaa. "Suluhu" ni hali ya ugomvi kwisha. "Usuluhishi" ni kazi ya kuwafikisha watu huko. "Mapatano" ni yale waliyokubaliana, na hati yake ni hati ya mapatano. "Mwafaka" limejipatia nafasi ya kisiasa tangu Muafaka wa Zanzibar wa mwaka 1999 na ule wa 2001, na "maridhiano" limeifuata njia hiyo. Deni hulipwa; halisuluhishwi, ila pale wadaiwa na wadai wanapobishania kiasi. Karani akiandika kwamba pande mbili "zimefikia makazi", hajatafsiri. Amenakili kwa herufi za Kiswahili.

5. Mapendekezo

Kwa mintarafu ya hayo yote, tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa umma:

(i) "Makazi" litumike pale tu watu walipo na haki au ruhusa ya kukaa kwa muda mrefu. Mahali pa hifadhi ya muda paitwe kambi, hata kama Kiingereza kimeona haya.

(ii) "Makazi mapya" lisitumike peke yake katika tangazo lolote. Pasemwe: kuhamishiwa nchi ya tatu; kurejea na kukaa tena nchini kwao; kuhamishwa kambi; kupisha mradi. Maneno yameongezeka, lakini shaka imeondoka.

(iii) "Mlowezi" libakie katika historia ya ukoloni, ambako limekwisha kujijengea maana.

(iv) Walimu wa tafsiri wawazoeze wanafunzi kuuliza maswali manne kabla ya kuligusa neno hili: nani anahama au anapatana? Kutoka wapi kwenda wapi? Kwa uamuzi wa nani? Na kwa haki gani? Neno la Kiswahili litajitokeza lenyewe katika majibu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mfasiri anayemrudia mwandishi wa Kiingereza na kumwuliza, "Ulikusudia lipi kati ya haya?", huenda akamkuta mwandishi mwenyewe hajaamua. Hapo atakuwa amewafanyia kazi wawili: mwandishi aliyekuwa hajui anasema nini, na msikilizaji wa Nduta ambaye angefungasha mizigo yake kwa kulifuata neno lisilo na anwani.