Fanani, Wazazi na Hadhira: 'Kothbiro' ya Ayub Ogada Yafika Kibera

Aghalabu wahakiki wa fasihi simulizi huuzungumzia urithi wa fanani kana kwamba ni shamba: baba hupiga ala, mwana huipokea, na hadhira hubaki ile ile. Maisha ya Ayub Ogada (1956–2019) yanaitilia shaka dhana hiyo. Alizaliwa Mombasa, akaitwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa wanamuziki wa nyimbo za Kijaluo, na angali mtoto mdogo walikwenda naye Marekani, ambako baba alisoma Chicago na familia ikatumbuiza katika vyuo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya malezi yake ya kisanaa ilipitia jukwaani, mbele ya watu wasioijua lugha ya wimbo.

Jina lake nalo lastahili kusomwa. Alikuwa bado Job Seda alipoigiza katika filamu ya Out of Africa (1985). Baadaye akawa Ayub Ogada. Ni rahisi kudhani kwamba huyu ni mwana aliyewakimbia wazazi. Msomaji wa Kiswahili hawezi kukubali upesi hivyo, kwani Ayubu ndiye Job wa Biblia yake. Katika Nairobi, Kibera hutambulishwa kwa matatu namba 8 na Kawangware kwa namba 46, na rapa Octopizzo wa Kibera alilitoa jina lake la kisanii katika hiyo 8. Njia ya gari imeshika nafasi ya ukoo. Ogada alibaki na jina la nyumbani, ila katika lugha nyingine.

'Kothbiro', yaani mvua inakuja, ilipigwa na bendi ya Black Savage katika miaka ya 1970, kisha Ogada akairekodi upya kwa nyatiti katika albamu ya En Mana Kuoyo (1993). Maudhui yake ni mepesi: wingu limetanda, watoto wanaambiwa warudishe ng'ombe nyumbani. Lakini fani ndiyo inayohitaji kuangaliwa. Mpigaji wa jadi huketi kwenye kigoda, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ukingo wa ala. Muhimu zaidi ni pakruok: msikilizaji hutoa fedha, humsimamisha mwimbaji, akajisifu yeye mwenyewe na jamaa zake, ndipo wimbo uendelee. Hadhira hiyo ina haki ya kukatiza. Katika 'Kothbiro' hakuna anayekatiza. Maneno ni machache, yanarudiwarudiwa taratibu, na sauti ndiyo inayobeba yale ambayo msikilizaji mgeni hawezi kuyapata katika lugha. Hapa ndipo malezi yanapoonekana: mtoto aliyekuzwa mbele ya hadhira isiyoweza kujibu alikuja kuwa bingwa wa wimbo usiosubiri jibu. Ni ubingwa wa kweli, na si haki kuudharau kwa kisingizio cha ujadi.

Gharama yake ilidhihirika mwaka 2005. Filamu ya The Constant Gardener ya Fernando Meirelles, ambayo sehemu yake ilipigwa Kibera kwenyewe, iliutumia wimbo huu katika kisa cha mume anayemlilia mkewe aliyeuawa. Mtazamaji wa London husikia maombolezo, naye hajakosea sana, maana sauti inamruhusu. Ila Kibera ina maelfu ya wasemaji wa Kijaluo. Kwao maneno yangali maneno: mvua inakuja. Ng'ombe hawapo, yapo mapaa ya mabati, mitaro iliyoziba na Mto Ngong unaofurika hadi milangoni. Msikilizaji huyo anayo ya kumjibu fanani, tena mengi, na kwa desturi ya pakruok angemsimamisha papo hapo. Filamu haikumwachia nafasi hiyo. Wala wimbo haukuwa nayo tangu mwanzo.